Fedha Humpa Kocha Ushindi, Kisha Humpunguzia Muda

Mnamo Novemba 10, 2007, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama ilifungwa pointi 17 kwa 12 na Mississippi State mjini Starkville. Jumamosi iliyofuata, ikiwa nyumbani Tuscaloosa katika uwanja uliokuwa ukichukua watu zaidi ya 92,000, ilifungwa tena, 21 kwa 14, na Louisiana-Monroe, chuo kidogo kilichoalikwa, kama ilivyo desturi ya vyuo vikubwa, kije kichukue hundi, kipokee kipigo na kurudi kwao. Kocha mkuu wa Alabama alikuwa Nick Saban, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza chuoni hapo chini ya mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 32, kiasi kilichowashangaza wengi wakati huo. Makocha waliomfunga walikuwa Sylvester Croom wa Mississippi State na Charlie Weatherbie wa Louisiana-Monroe.

Haikupita miaka mitatu mambo yakawa yamegeuka kabisa. Croom aliachia ngazi Novemba 2008, siku moja baada ya timu yake kucharazwa 45-0 na mahasimu wao wa jadi, Ole Miss. Weatherbie naye kibarua chake kiliota nyasi mwishoni mwa msimu wa 2009. Saban, Januari 7, 2010, aliifunga Texas 37-21 na kutwaa ubingwa wa taifa, wa kwanza kati ya mataji sita aliyoyapata Alabama kabla ya kustaafu Januari 2024.

Jibu jepesi ni kwamba Saban alikuwa kocha bora kuliko wenzake wawili, na sina nia ya kulipinga. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini kocha huyohuyo, akiwa Michigan State kati ya 1995 na 1999, alishinda mechi 34, akapoteza 24 na kutoka sare moja, rekodi ya heshima ambayo hakuna anayeikumbuka. Alipohamia Louisiana State alitwaa ubingwa katika msimu wa 2003. Kichwa kilikuwa kilekile na mafunzo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni chuo, pamoja na vyote ambavyo chuo huweza kumpa kocha. Ili kuelewa kwa nini makocha wa mchezo huu hufaulu au hufukuzwa, ni lazima kwanza kujua vitu hivyo ni nini na hufanya kazi gani, kwa sababu fedha zinazomwezesha kocha kushinda ndizo hizohizo zinazorahisisha kumtimua.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda ya Ulaya, mfumo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Futiboli ya vyuo vikuu Marekani haina kupanda wala kushuka daraja. Daraja lake la juu lilikuwa na timu 136 mwaka 2025, nazo zimegawanyika katika miungano ya vyuo, ambayo kila mmoja huuza haki zake za televisheni na kugawana mapato. Kila chuo kina idara ya michezo yenye bajeti yake, inayoongozwa na mkurugenzi wa michezo, na huyo ndiye anayemwajiri na kumfukuza kocha, ingawa nyuma yake wapo rais wa chuo, bodi ya wadhamini na wafadhili matajiri ambao hawakosi la kusema. Mapato hutoka kwenye televisheni, tiketi, michango ya wahitimu wa zamani na, kwa vyuo maskini, ada za wanafunzi pamoja na ruzuku ya chuo chenyewe. Tofauti za mapato hayo ni kubwa kiasi cha kutatiza maana ya neno mashindano: idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Texas ilivuka dola milioni 300 katika mwaka wa fedha ulioishia 2024, wakati Louisiana-Monroe, iliyo daraja moja nayo, huendesha michezo yake yote kwa takribani dola milioni 20.

Mwanya huo ulianza kupanuka kwa kasi mwaka 1984, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hakikuwa na haki ya kuhodhi mikataba ya televisheni kwa niaba ya vyuo vyote. Tangu hapo kila muungano ukawa huru kujiuza sokoni. Mwaka 2022 muungano wa Big Ten ulisaini mikataba ya miaka 7 na vituo vya Fox, CBS na NBC yenye thamani ya takribani dola bilioni 7. SEC, muungano wa vyuo vya kusini-mashariki ambao Alabama imo, ulikubaliana na ESPN kiasi cha dola milioni 300 kwa mwaka kuanzia 2024, juu ya mapato mengine uliyokuwa nayo. Chuo kilichomo katika miungano hiyo miwili huanza msimu kikiwa na makumi ya mamilioni mkononi kabla ya kuuza tiketi hata moja.

Namna fedha zinavyogeuka ushindi

Fedha peke yake haichezi. Kwa miongo mingi, tena, kanuni ziliikataza kumfikia mchezaji moja kwa moja, kwa kuwa wachezaji walihesabiwa kuwa wanafunzi, wakapewa ufadhili wa masomo na si mshahara. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 kila timu ya daraja la juu iliruhusiwa kutoa nafasi 85 tu za ufadhili, na lengo mojawapo lilikuwa kuwazuia matajiri wasijikusanyie vipaji vyote. Kikomo hicho kilisaidia kiasi. Hata hivyo, fedha iliyozuiwa mlango mmoja ilitafuta mwingine. Vyuo viliwekeza kwenye majengo ili kumvutia kijana wa miaka 17 anayechagua mahali pa kwenda: Oregon, kwa hisani ya Phil Knight, mwasisi wa Nike, ilifungua mwaka 2013 jengo la futiboli lililogharimu takribani dola milioni 68, Clemson ilifungua lake mwaka 2017 kwa dola milioni 55, likiwa na bembea ya kuteleza kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Texas A&M ilitumia karibu nusu bilioni kuukarabati uwanja wake.

Mlango mwingine ulikuwa benchi la ufundi. Kanuni ziliweka kikomo cha makocha wasaidizi wanaoruhusiwa kufundisha uwanjani, ambao kuanzia 2018 walikuwa 10, lakini hazikuweka kikomo cha wachambuzi wanaokaa ofisini kutazama video. Saban aliitumia nafasi hiyo kuliko yeyote. Aliajiri makocha wakuu waliofukuzwa kwingine, ambao mara nyingi walikuwa bado wanalipwa na waajiri wao wa zamani, na kwa gharama ndogo akapata akili ambazo chuo cha kawaida kisingeweza kuzinunua.

Matokeo ya yote hayo huonekana kwenye usajili. Makampuni yanayofuatilia wanafunzi wa sekondari huwapanga kwa nyota, moja hadi tano, na kwa miaka mingi bingwa wa taifa alikuwa timu ambayo zaidi ya nusu ya wachezaji iliowasajili walikuwa wa nyota nne au tano. Timu zenye sifa hiyo hazifiki hata ishirini kwa mwaka. Februari 2008, miezi mitatu tu baada ya aibu ya Louisiana-Monroe, Alabama ilisaini kundi la vijana lililohesabiwa miongoni mwa bora kabisa nchini, wakiwemo Julio Jones na Mark Ingram. Ingram alitokea Flint, Michigan, mwendo mrefu kutoka Tuscaloosa. Louisiana-Monroe, hata baada ya kushinda mechi kubwa kuliko zote katika historia yake, haikuwa na ndege, jengo wala jina la kumvutia kijana wa aina hiyo. Ushindi wa siku moja haukuhamisha chochote kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini.

Rasilimali, ifahamike, si fedha tupu. Jiografia ni mojawapo. Majimbo ya Texas, Florida, Georgia na California huzalisha vijana wengi wenye uwezo, na kocha aliye katika jimbo lenye watu wachache huanza kazi akiwa nyuma hata kama hazina imejaa. Masharti ya kitaaluma nayo ni sehemu ya hesabu. Vanderbilt, chuo binafsi chenye viwango vikali vya udahili, hupata mgawo uleule wa televisheni kama Alabama kwa kuwa wote wamo SEC, lakini kwa muda mrefu mgawo huo haukutosha kuziba pengo la mashabiki, uwanja na wafadhili.

Liko pia jambo ambalo takwimu za kushinda na kushindwa hulificha, nalo ni ratiba. Chuo maskini huuza mechi. Hulipwa na chuo kikubwa kwenda kucheza ugenini, na fedha hizo huziba matundu ya bajeti ya mwaka mzima. Mwaka 2007 Michigan iliilipa Appalachian State dola 400,000 ije Ann Arbor, na Michigan yenyewe ikafungwa 34-32. Leo malipo ya namna hiyo huvuka dola milioni moja. Matokeo kama hayo hukumbukwa kwa sababu ni nadra. Mara nyingi mwaliko huishia kwa kipigo kilichotarajiwa, na kocha wa chuo kidogo huandikiwa vipigo viwili au vitatu kwa mwaka ambavyo ni mwajiri wake aliyevikubali kwa ajili ya mapato. Mwisho wa msimu, anapohesabiwa mechi alizopoteza, hakuna anayeziweka kando zile zilizouzwa.

Kupimwa kwa kipimo cha nani

Hapa ndipo habari ya Croom inapostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Alikuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika historia ya SEC, aliyeajiriwa kwa ajili ya msimu wa 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa kuiongoza Alabama, chuo alichokichezea, lakini nafasi ikapewa Mike Shula. Croom akaenda Mississippi State, chuo chenye uwezo mdogo kuliko wapinzani wake wengi katika muungano huo, na katika msimu wake wa kwanza NCAA ikakiadhibu kwa makosa yaliyofanyika kabla hajafika, pamoja na kukipunguzia nafasi za ufadhili. Mwaka 2007 alishinda mechi 8 na kupoteza 5, akachaguliwa kocha bora wa SEC. Mwaka mmoja baadaye alikuwa nje, na rekodi yake ya jumla, ushindi 21 na vipigo 38, ndiyo inayosomwa leo na mtu asiyejua alianzia wapi. Kwamba makocha weusi ni takribani mmoja kati ya kumi katika daraja la juu, wakati karibu nusu ya wachezaji ni weusi, ni suala linalojitegemea, lakini linakutana na mada yetu mahali hapa: anayepewa chuo dhaifu hupewa pia rekodi dhaifu, na rekodi hiyo ndiyo barua yake ya kuombea kazi inayofuata.

Kwa mantiki hiyo mtu angetarajia kocha wa chuo tajiri awe salama zaidi, kwa kuwa hushinda zaidi. Hali haiko hivyo, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni matarajio, ambayo hupanda pamoja na bajeti. James Franklin aliishinda miaka ya kiu pale Vanderbilt alipopata ushindi wa mechi 9 mwaka 2012 na tena 2013, jambo ambalo chuo hicho hakikuwa kimelifikia tangu 1915, na akaonekana mtenda miujiza. Alipohamia Penn State alishinda mechi 104 na kupoteza 45 katika misimu 12, akafika nusu fainali ya taifa katika msimu wa 2024. Oktoba 12, 2025, baada ya kufungwa mara tatu mfululizo, alifukuzwa. Ushindi wa mechi 9 uliokuwa muujiza Nashville, mji wa Vanderbilt, ulikuwa kero kule State College, mji wa Penn State, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya laki moja na unaofanyiwa ukarabati wa dola milioni 700. Nani angekubali kulipia jengo hilo ili awe wa tatu?

Sababu ya pili ni kwamba tajiri anamudu gharama ya kufukuza. Novemba 2023 Texas A&M ilimwachisha kazi Jimbo Fisher na kukubali kumlipa takribani dola milioni 76 ili asifundishe. Alikuwa ameshinda mechi 45 na kupoteza 25. Watu wengi walilichukulia jambo hilo kama wazimu, lakini lilijengwa hatua kwa hatua na kila hatua ilikuwa na hoja yake. Fisher alikuja mwishoni mwa 2017 kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75 zilizodhaminiwa zote, kwa kuwa alikuwa tayari ametwaa ubingwa akiwa Florida State na asingehama kwa chini ya hapo. Mwaka 2020 alishinda mechi 9 na kupoteza moja. Kwa kuogopa kunyang'anywa, chuo kikarefusha mkataba hadi 2031 kwa takribani dola milioni 95, bila kipengele cha kupunguza deni iwapo angepata kazi kwingine. Wakala wa kocha hujua kwamba chuo chenye fedha huogopa kumpoteza mshindi kuliko kinavyoogopa kumlipa mshinde, na hujua pia kwamba kijana anayesajiliwa huuliza kama kocha atakuwepo miaka minne ijayo. Mkataba mrefu ni tangazo kwa wachezaji. Ndiyo maana fidia ya kuvunja mkataba, ambayo kwa jina ni kinga ya kocha, imekuwa kipimo cha ubavu wa wafadhili: yule mwenye wafadhili wazito hufukuzwa hata akiwa na kinga hiyo.

Nebraska ilitoa mfano ulio wazi zaidi, na wenye kejeli yake. Septemba 10, 2022 iliilipa Georgia Southern karibu dola milioni 1.4 ije icheze Lincoln, ikafungwa 45-42. Kesho yake ikamfukuza Scott Frost, mwana wa nyumbani aliyeajiriwa baada ya kuiongoza Central Florida kushinda mechi zote 13 mwaka 2017, na ambaye Nebraska alishinda 16 na kupoteza 31. Kama chuo kingesubiri hadi Oktoba 1, fidia yake ingeshuka kutoka takribani dola milioni 15 hadi nusu yake. Hakikusubiri. Wiki tatu za subira zilikuwa na bei ya zaidi ya dola milioni 7, na chuo kikaona ni afadhali kulipa.

Kwa upande mwingine, kazi hii ina makocha waliodumu, na inafaa kutazama walidumu wapi. Kirk Ferentz alianza kuiongoza Iowa mwaka 1999 kwa kushinda mechi moja na kupoteza 10, kisha 3 na 9. Septemba 2025 alifikisha ushindi wa 206, akampita Woody Hayes wa Ohio State kwa idadi ya mechi alizoshinda kocha wa chuo cha Big Ten. Frank Beamer katika misimu yake 6 ya mwanzo Virginia Tech, 1987 hadi 1992, alishinda 24, akapoteza 40 na kutoka sare 2. Akaachwa aendelee na kazi. Misimu 7 baadaye alikuwa akigombea ubingwa wa taifa. Vyuo hivi viwili havikuwa maskini, ila mashabiki wao hawakuamini kwamba ubingwa ni haki yao ya kuzaliwa, na kwa maoni yangu hapo, katikati, ndipo kocha alipokuwa salama zaidi: mahali penye fedha za kutosha kushinda na kumbukumbu chache za kushinda. Kwenye ncha ya chini, kocha kama Weatherbie hufukuzwa kwa sababu hakushinda. Kwenye ncha ya juu hufukuzwa kwa sababu hakushinda vya kutosha.

Je, kufukuza huko husaidia? Watafiti watatu wa sayansi ya siasa nchini Marekani walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa timu za daraja la juu zilizobadilisha makocha, wakizilinganisha na timu zilizokuwa na matokeo yanayofanana lakini hazikubadilisha. Walikuta kwamba kwa timu mbovu sana mabadiliko hayakuwa na athari kubwa, na kwa timu za wastani yalifuatiwa na matokeo mabaya zaidi katika miaka iliyofuata. Matokeo hayo yanaeleweka ukikumbuka kwamba kocha mpya hurithi jiografia ileile, hazina ileile na ratiba ileile, na zaidi ya hapo hupoteza mwaka mzima wa usajili. Kinachoonekana kama ufufuo baada ya kufukuza mara nyingi ni timu iliyokuwa na bahati mbaya kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida.

Bila shaka wapo makocha waliobadilisha rasilimali zenyewe. Bill Snyder alifika Kansas State mwaka 1989 akaikuta timu iliyocheza mechi 27 bila ushindi hata mmoja; aliondoka na ushindi 215, na uwanja ukaitwa kwa jina la familia yake. Boise State ya Chris Petersen, iliyoifunga Oklahoma 43-42 Januari 1, 2007, ilipata kutokana na ushindi jina ambalo hakuna mfadhili aliyeweza kulinunua. Kwa hiyo uhusiano wa fedha na ushindi huenda pande zote mbili, jambo linalofanya iwe vigumu kusema kwa hakika kipi kilitangulia. Ila Petersen mwenyewe, baada ya ushindi 92 na vipigo 12, alihamia Washington kwenye fedha zaidi. Chuo kidogo kikimpata kocha mzuri, kipaji chake hugeuka bidhaa ya chuo kikubwa.

Soko jipya

Mambo yote niliyoyaeleza yamechochewa moto zaidi tangu 2021. Mwaka huo NCAA iliwaruhusu wachezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia Julai 1 wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi iliyoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza kwa michezo yote, na kikomo cha ufadhili 85 kikaondolewa, badala yake ikawekwa idadi ya wachezaji 105. Fedha ambayo kwa miaka thelathini ilizunguka kupitia mabembea na vioo vya majengo sasa inamfikia mchezaji mwenyewe.

Indiana ndiyo iliyoonyesha kwanza maana ya mabadiliko haya. Kabla ya 2024 hakuna chuo cha daraja la juu kilichokuwa kimepoteza mechi nyingi kuliko Indiana katika historia. Mwaka 2021 kilimrefushia mkataba Tom Allen baada ya msimu mzuri wa ushindi 6 na vipigo 2. Misimu mitatu iliyofuata alishinda 9 na kupoteza 27, na kuondoka kwake kuligharimu takribani dola milioni 15.5. Nafasi yake ikachukuliwa na Curt Cignetti kutoka James Madison, aliyekuja na zaidi ya wachezaji 10 wa timu yake ya zamani. Mwaka wa kwanza alishinda 11 na kupoteza 2. Mwaka wa pili, akiwa na Fernando Mendoza, mrusha mpira mkuu aliyehamia kutoka California, alishinda mechi zote 16 na kuifunga Miami 27-21 katika fainali ya Januari 2026, kwa kikosi ambacho hakikukaribia kuwa na nusu ya wachezaji wa nyota nne na tano.

Kisa hiki kinasimuliwa kama ushindi wa kocha dhidi ya fedha, na hapo ndipo ninapotofautiana na wasimulizi. Indiana haikuwa maskini. Ilikuwa mwanachama wa Big Ten yenye mabilioni, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imeelekeza moyo wake kwenye mpira wa kikapu. Cignetti alifika wakati ambapo fedha iliyolala ingeweza kununua wachezaji waliokomaa katika dirisha moja la uhamisho, pasipo kungoja miaka minne. Ustadi wake wa kuchagua ulikuwa wa ajabu, nakubali, lakini kocha mwenye ustadi uleule kule Monroe asingepata cha kuchagulia. Oktoba 2025 chuo kilimpandishia mshahara hadi zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka.

Madhara kwa wenzake yalikuja papo hapo. Kama Indiana inaweza kugeuka ndani ya miaka miwili, mwenye chuo kikubwa atamwelezaje mfadhili wake kwamba mradi unahitaji mitano? Msimu wa 2025 ulifagia makocha hata kabla haujafika mwisho. Florida ilimwondoa Billy Napier Oktoba 19. Wiki moja baadaye Louisiana State ilimwondoa Brian Kelly, aliyekuwa na ushindi 34 na vipigo 14, huku fidia ikikadiriwa kuwa dola milioni 54. Gavana wa jimbo, Jeff Landry, aliingilia kati hadharani, na ndani ya siku chache mkurugenzi wa michezo, Scott Woodward, akaondoka pia. Woodward ndiye aliyekuwa amemwajiri Fisher kule Texas A&M kwa mkataba ule wa milioni 75.

Virginia Tech nayo, ileile iliyomvumilia Beamer kwa misimu 6 ya hasara, ilimfukuza Brent Pry Septemba 14, 2025, akiwa amecheza mechi tatu tu za msimu wake wa nne. Rekodi yake ilikuwa ushindi 16 na vipigo 24, ambayo kwa uwiano ni bora kidogo kuliko ile ya Beamer ya mwanzo. Kabla ya kumpata mrithi, bodi ya chuo iliidhinisha mwishoni mwa Septemba nyongeza ya takribani dola milioni 229 kwa michezo katika kipindi cha miaka 4, kwa kuwa hakuna kocha mwenye jina ambaye angekubali kuja bila kwanza kuona fungu la wachezaji. Novemba akaja James Franklin, aliyefukuzwa Penn State mwezi mmoja kabla. Kazi hiyo mpya ilimwezesha mwajiri wake wa zamani kushusha deni kutoka takribani dola milioni 49 hadi 9. Kwa Franklin, fungu hilo la bodi ndilo litakaloamua atashinda mechi ngapi, na pia ni baada ya vipigo vingapi ndipo waliolitoa wataanza kuulizia masharti ya mkataba wake.